Mtoto Mchanga Hana Mke

Denise hasuki nywele Jumamosi, na kwa msusi wa mtaa wa Bellevue, Johannesburg, huo ni wazimu mtupu. Jumamosi ndiyo siku wanawake wa Kikongo wanapojipanga kwenye ngazi za nyumba wakisubiri zamu, ili Jumapili waingie kanisani vichwa vikimeremeta. Wengi wao walikuwa wateja wake. Sasa hupita mlangoni kwake na mabunda ya rasta mikononi wakielekea kwa wasusi wengine wa mtaa wa Rockey, na wakimwona hupaza sauti kidogo: "Mama Sabato, uko napumzika?" Anajibu kwamba anapumzika. Nao hucheka, maana mwanamke anayejifungia na kitabu tangu asubuhi, bila mume, bila mtoto, bila hata jiko kuwashwa, watu hawamwoni kama anapumzika.

Mume alikuwapo. Anaitwa Damien, na yu hai, anakula na kunenepa. Walitoka Uvira pamoja wakiwa vijana waliooana juzijuzi, wakaingia Johannesburg pamoja, na pamoja wakaanza kwenda kwenye gereji ya Herménégilde kule Malvern. Huyu Herménégilde ni fundi umeme wa Kirundi aliyechoshwa na wachungaji wa kuuza mafuta ya upako. Alikuwa amekusanya familia chache zilizochoka kama yeye, na kila Sabato wakakaa katikati ya mikebe ya rangi na nyaya kusoma parasha, yaani fungu la Torati la juma lile. Aliwaeleza kwamba Wayahudi wa dunia nzima husoma fungu moja juma moja, na mwaka ukiisha wanalikunja gombo wanaanza tena mwanzo. Denise aliposikia hivyo alishikwa. Kwamba siku anayosoma habari za Sara katika gereji ya Malvern, kuna mwanamke mwingine mahali asipopajua anayepitisha kidole kwenye mstari uleule! Kwa mtu aliyehama kambi, nchi na mipaka kiasi chake, hicho hakikuwa kitu kidogo.

Kikundi kilitamani kuwa Wayahudi wa kweli, waliopokewa na baraza la marabi. Marabi wana desturi ya kumrudisha mtu mlangoni mara kadhaa waone kama atakuja tena. Wengi hawakurudi. Herménégilde mwenyewe alisema atabaki mpenzi wa mbali. Denise na Damien wakarudi, wakarudishwa, wakarudi tena. Wakahama Malvern wakapanga chumba Bellevue, katika nyumba kubwa ya zamani iliyogawanywa vyumba, ili Sabato waweze kufika kwa miguu kwenye sinagogi ndogo upande wa Orange Grove, kwa kuwa siku hiyo mtu hapandi gari. Damien alikuwa sekyuriti kwenye yadi ya kuuza magari. Alipoomba asipangiwe zamu za Jumamosi, bosi alimpa ruhusa ya Jumamosi na ya siku nyingine zote pia: alimfukuza. Akakaa muda mrefu bila kazi, wakala kwa vidole vya Denise.

Na bado Denise alikuwa na furaha. Tuseme ukweli, hajawahi kuwa na furaha kama ile. Kila Jumapili jioni alifungua parasha mpya, akasoma kwa Kifaransa na kuieleza kwa Kiswahili, huku Damien akinyoosha mashati juu ya kitanda.

"Rudilia pale," Damien alimwambia walipofika kwa Abrahamu. "Pale Mungu anamwambia atoke."

Denise akarudia, kwamba aiache nchi yake na jamaa zake na nyumba ya baba yake.

"Njo sisi hawa. Inatusema sisi."

"Yeye aliambiwa na Mungu, Papa. Sisi tulikimbia masasi ya bunduki."

"Masasi nayo ni sauti, Mama. Si ulisikia ukatoka?"

Alikuwa na ulimi, Damien. Hilo lazima apewe. Alikuwa mtu wa kukufanya usahau kwamba mkate umeisha. Na Denise, aliyekuwa na akili ya kusoma sheria ngumu na kuifumbua, hakuwahi kuwa na akili ya kumsoma yeye.

Hawakuwa na mtoto. Mimba mbili zilimtoka, ya pili ikiwa imekwisha kupewa jina. Ndiyo maana alizipenda sana parasha za mwanzo, ambamo kila mwanamke wa maana anahangaikia mtoto: Sara, kisha Rebeka, kisha Raheli. Aliwahesabu kama jamaa zake. Jioni walipofika mahali Isaka anapomwombea mkewe aliye tasa, Damien aliacha pasi akaja kukaa karibu naye.

"Unaona wale wengine? Abrahamu ana Hajiri, Yakobo ana wanne. Isaka mumoja tu, bibi mumoja mpaka kufa. Siku ile tutapewa majina, mimi nitaitwa Isaka. Weye utaitwa Rivka, njo Rebeka ya Kiebrania."

Denise alilia siku hiyo, kilio cha raha. Mtu anayeingia Uyahudi huitwa mtoto wa Abrahamu, kwa hiyo Damien angekuwa Yitzhak ben Avraham, Isaka mwana wa Abrahamu, jina zima kama lilivyo kitabuni. Lilimpendeza. Alilitamka mbele ya kioo akichana ndevu zake, na mkewe akamwona mzuri.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Juma moja rabi, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliwakalisha akawaeleza kwa Kiingereza kitakachotokea siku ya kupokewa. Mtu akizama kwenye birika la utakaso na kutoka, alisema, ni kama mtoto mchanga aliyezaliwa siku hiyo. Udugu wake wa zamani, kwa sheria, umekatika. Ndoa nayo. Mume na mke wanaozama siku moja wanatoka majini wakiwa si mume na mke, na hukaa mbalimbali miezi mitatu, ili mtoto akipatikana ijulikane alitungwa kabla ya maji au baada yake. Kisha wanafunga ndoa upya chini ya hupa, kitambaa kile kinachotandazwa juu ya nguzo nne. Rabi alimwuliza Damien kama atamwoa tena mwanamke huyu. Damien akajibu ndiyo kwa sauti.

Kiingereza cha Damien kilikuwa cha getini na magari, mengine hakuyashika. Kwa hiyo wakiwa njiani kurudi, kwenye barabara ya Louis Botha, Denise alimfafanulia. Alimfafanulia vizuri mno. Hapo ndipo ningetamani mtu angemziba mdomo.

"Tunatoka mule wapya kabisa," alisema. "Ya jana yote imekufa. Hata ndoa."

"Hata ndoa?"

"Hata ndoa. Unatoka mutoto muchanga, haujaoa bado."

"Na zile ng'ombe nilipeleka kwa baba yako?"

"Ng'ombe zilioa Denise. Rivka utamuoa na pete."

Damien alicheka mpaka robot, taa ya barabarani, ikabadilika rangi na teksi zikawapigia honi wakiwa bado katikati ya barabara. Denise akacheka naye. Baadaye alijaribu sana kukumbuka kicheko kile kilikuwa cha namna gani, akashindwa.

Walizama Agosti, kwenye baridi inayouma mifupa. Waliporudi chumbani kukusanya vitu, Damien hakukubali mkewe ahame. Atahama yeye, alisema, mwanamume ndiye wa kulala popote. Herménégilde ana kibanda nyuma ya gereji. Malvern ni mbali na sinagogi, lakini kila Ijumaa atakuja kulala kwa rabi. Alibeba sanduku dogo, akageuka mlangoni, hakumgusa, kwa kuwa sasa hawakuruhusiwa kugusana. "Rivka," akamwita, na Denise akaona haya kama msichana anayeposwa.

Chumba cha pili kilikuwa cha Fauzia, msusi mwenzake, mwanamke wa Buyenzi, Bujumbura, Mwislamu wa kuswali na wa kusema. Alimwona Denise anakula peke yake juma la kwanza, juma la pili, akaja na sahani yake kukaa naye.

"Miezi mitatu, kila mtu kwake, na hesabu inahesabiwa tumboni," Fauzia alisema. "Hiyo sisi tunaijua, dada. Ni eda."

"Haiko eda. Ni ya kungojea harusi."

"Eda anakaa mwanamke aliyeachwa au aliyefiwa. Wewe umeachwa au umefiwa?"

"Mimi nimeposwa, Fauzia."

"Umeposwa na mumeo." Fauzia akatikisa kichwa. "Na yeye anakaa eda na nani kule Malvern?"

Denise alikasirika, wakanuniana mpaka jioni. Fauzia hakuwa mtu wa kununa zaidi ya hapo.

Miezi ikaenda kwa parasha. Zikaja zile za mwisho wa Torati, zenye sheria nyingi. Katika mojawapo mna habari za mtu anayemwandikia mkewe hati ya talaka na kumtoa nyumbani kwake. Mwaka wa nyuma Denise aliichambua sheria hiyo neno kwa neno. Safari hii aliipita haraka, kama mtu anayepita mbele ya mbwa. Zikaja sikukuu. Siku ya kufurahia Torati, wanaume walipocheza wakizunguka na magombo, walimpa Damien gombo moja alibebe, naye akacheza Kikongo, kiuno na mabega, mpaka wazee wenye ndevu nyeupe wakampigia makofi. Denise alimwona kupitia pazia linalotenga wanawake. Wanawake wakambinya mkono wakimwambia ana bahati.

Hiyo ilikuwa mara ya mwisho Damien kukanyaga pale. Torati ilipoanzwa upya hakuja. Juma la Nuhu alikuwa na zamu kwenye kazi mpya. Juma lile la Abrahamu kuambiwa atoke, lile lake, alikuwa na mafua, na juma la baada yake yalikuwa bado hayajapona. Kwenye simu sauti yake ilikuwa njema kuliko ya mtu mwenye mafua.

"Papa, Sabato inayokuja njo ile ya kukuita. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Baraka unazijua? Tuzisome?"

"Nazijua, Mama. Mambo yote iko sharp. Usihangaike."

Alikuwa anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na Denise akakata simu akiimba.

Kuna desturi nzuri. Sabato kabla ya harusi bwana arusi huitwa mbele kwenye usomaji wa Torati, asome baraka, na akimaliza wanawake humrushia peremende kutoka nyuma ya pazia, na watoto hupapatuana kuziokota. Na parasha ya Sabato hiyo, kwa bahati, au kwa dhihaka ya huko juu, ilikuwa ile ambayo Isaka anampokea Rebeka aliyetoka mbali, anamwingiza katika hema, anamwoa na kumpenda. Mke wa rabi alikuwa amemwazima Denise gauni. Wanawake walikuwa wamegawana kazi ya kupika ya harusi ya Jumanne. Asubuhi ile wakamjaza peremende mikono miwili, wakamweka mstari wa mbele, penye pazia, ili arushe wa kwanza.

Msomaji akasoma. Denise aliufuata kila mstari kwa kidole. Kisha mtu wa kuita akaita kwa sauti ya wimbo, Yitzhak ben Avraham asimame.

Hakuna aliyesimama. Akaita tena. Vichwa vikageukia mlangoni. Rabi naye akageuka, akavua miwani, akaivaa. Halafu wakamwita mzee mwingine kwa jina lake, akaja mbele taratibu akasema baraka zilizokuwa za Damien, kwa sababu Torati ikiwa imefunguliwa haimngojei mtu. Mwanamke aliyekaa karibu na Denise alizitoa peremende viganjani mwake moja moja, akazirudisha kwenye mfuko.

Denise alirudi Bellevue kwa miguu akijiambia ni ajali, ni teksi, ni visu vya wahuni wa Jeppestown. Alitaka Damien afe akiwa njiani kumjia kuliko kuwa mzima mahali pengine. Wazo hilo lilimjia lenyewe naye akaliachia likae. Fauzia alimwona usoni akatoa simu.

"Nipe namba nimpigie. Mimi si Myahudi, dini yako hainihusu."

"Siruhusiwi kukutuma. Ni Sabato."

"Mume wako amepotea na wewe unaniambia Sabato?"

"Ni Sabato, Fauzia. Kutembea naruhusiwa."

Basi akatembea. Bila simu, bila pochi, na gauni lile la kuazima, akateremka Bez Valley, akapanda mlima wa Kensington jua likiwa utosini, akatokea mtaa wa Jules palipojaa magodoro na spika za muziki. Viatu vilimchuna. Aliomba zaburi zote alizozijua, na alizijua nyingi.

Gereji ya Herménégilde ilikuwa imefungwa, mwenyewe hayupo. Kibandani nyuma kulikuwa na harufu ya samaki wa kukaanga. Mlango ulikuwa wazi. Damien alikuwa ameketi kitini, fulana na kaptula, ndevu amenyoa. Mbele ya jiko alisimama msichana ambaye Denise alimjua kwa sura, Falonne wa Lubumbashi, anayeuza mitumba pale Jules. Alimwamkia: "Shikamoo, Mama." Hakuna kilichomwuma Denise siku ile yote kama adabu ile. Mezani kulikuwa na kisahani cha udongo mweupe, ule wanaotafuna wanawake wenye mimba, na ukingo wake ulikuwa umeng'atwa. Denise aliutazama. Yeye alitengwa miezi mitatu ili tumbo lake lipimwe kwa uaminifu, tumbo lisilo na kitu. La huku hakuna aliyelipima.

Falonne akauona mtazamo ule, akazima jiko akatoka nje.

"Leo walikuita," Denise alisema.

"Najua."

"Walikuita mara mbili."

"Nilikuwa nataka nikuambie, Denise. Nilikosa mulango wa kuingilia."

Alimwita Denise. Hapo akaelewa yote, yaliyobaki yalikuwa maneno tu. Lakini alikuwa mtu wa kusoma mpaka mwisho wa fungu, akauliza. Wao ni mume na mke, alimwambia. Imekuwaje amechukua mwanamke mwingine?

"Mume wa nani?" Damien alijibu, na wala hakujibu kwa ukali. "Si weye ulinifundisha? Katika barabara, ulisema nitatoka mutoto muchanga. Mutoto muchanga hana bibi. Mimi sijamuacha mutu. Sijavunja sheria, ya kwetu wala ya kwao."

"Ulisema mbele ya rabi utanioa."

"Nilisema. Nilikuwa mutu mwingine, si njo vile?" Akaangalia mikono yake. "Nilichoka, Denise. Kila juma Sara, Rebeka, Raheli, na weye unalia. Wale bote balizaa. Mimi nataka mutoto wangu, si wa mukitabu."

Angeweza kusema hilo tu. Angesema amechoka, anataka mtoto, amempenda mwingine. Wanaume husema hivyo kila siku na wanawake huishi. Lakini huyu alitaka na kusafishwa. Alikaa miaka mezani kwake akila mafundisho yake, akachagua moja tu la kulifanyia kazi.

Denise hakumtukana. Alisema kwamba samaki wanaungua, ingawa jiko lilikuwa limezimwa, akatoka. Mvua ya mawe ya Novemba ilimkuta Kensington, akatembea ndani yake. Gauni la kuazima likaharibika.

Jumapili asubuhi alipiga simu Uvira. Kwa Wakongo ndoa si ya watu wawili. Kuna wajomba waliokaa mkekani, kuna ng'ombe waliokwenda, na mwanamume akizembea ukoo humkamata. Hiyo ndiyo sheria yake ya pili, na alikuwa ameiweka akiba bila kujua. Simu ilipokewa na kaka yake mkubwa, Byamungu. Denise alieleza. Byamungu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mujomba yake Damien alikuja hapa," alisema. "Tangu mwezi uliopita. Alituuliza, ni kweli Denise alisema amezaliwa upya, kwa Abrahamu? Tukasema njo vile alisema, alisema mwenyewe kwa simu, na mama akalia. Akasema basi, ng'ombe yetu ilioa mutoto wa kwenu, na mutoto wa kwenu haiko tena. Tungemujibu nini?"

"Yaya, kaka yangu, mimi ni mutoto wa kwenu."

"Ulimuacha Yesu, ukaacha na jina. Sasa mwambie Abrahamu akutafutie bwana yako."

Nyuma yake sauti ya mama yao iliuliza ni nani anayepiga. Byamungu hakuziba simu. "Ni mutu wa Johannesburg," akamjibu, na simu ikakatika.

Alasiri akaenda kwa rabi. Mzee alimpokea amesimama, macho mekundu. Aliomba radhi kana kwamba ni yeye aliyenyoa ndevu. Alisema alikuwa amempigia Damien, na Damien alimjibu kwa sheria, na jibu lilikuwa sahihi. Wazee wetu, alisema, wanamjua mtu wa namna hiyo, anayefanya uchafu bila kuvuka mstari hata mmoja. Lakini kumlazimisha mtu kuoa hawawezi.

"Kwa hiyo ni kweli?" Denise aliuliza. "Sikuwahi kuolewa?"

"Kwa sheria yetu, hapana. Huhitaji hata hati ya talaka. Uko huru, binti yangu. Unaweza kuolewa kesho." Alisema hivyo ili kumfariji, maskini.

"Nataka kukaa siku saba," Denise alisema. Alimaanisha matanga ya Kiyahudi, ambayo mfiwa hukaa chini sakafuni juma zima, vioo vikifunikwa, na watu huja kumkalia.

"Hatumkalii aliye hai. Wala asiye jamaa."

"Simtaki yeye. Kuna mwanamke aliingia kwenye maji yale Agosti hakutoka. Mlimshangilia aliyetoka, mkampa keki. Yule mwingine nani alimlilia?"

Rabi akafungua kitabu, akakifunga.

"Sina sheria kwa ajili yake," alisema mwishowe.

"Basi haiwezi kunikataza," Denise akajibu, na kwa mara ya kwanza hakungoja ruhusa ya kuondoka.

Alifika chumbani akatandika kitenge juu ya kioo kikubwa cha kusukia, akachana ukosi wa blauzi yake, akaketi sakafuni akiegemea kitanda. Fauzia alipochungulia hakuuliza. Alileta mkeka na birika la chai, akaketi naye, akavuta kanga kichwani. Siku ya pili habari zikazagaa kwamba kwa Mama Sabato kuna msiba, na wanawake wa Kikongo, walewale wa kumcheka, wakaja na sukari na unga, kwa sababu msiba ni msiba na hakuna anayeuliza dini mlangoni. Waliojua waliketi kimya. Wakajaa mpaka kizingitini.

Mmoja alikuwa mgeni, Arlène, aliyefika kutoka Kolwezi majuzi tu. Alikuwa amekuja kusukwa akakuta kioo kimefunikwa. Alipiga magoti, akamshika Denise mkono kwa mikono miwili kama inavyopasa.

"Pole sana, Mama. Ni nani amekufa?"

Wanawake wakainamisha macho. Fauzia akafungua mdomo, Denise akamwahi.

"Ni bibi ya Damien."

"Eh, pole jamani. Alikuwa mugonjwa?"

"Hapana," Denise alisema. "Alikuwa muzima kabisa."